Kitako cha magazini kinapogoma: tafuta kinachokishika kabla hujashika tupa

Vumbi la magharibi mwa Arusha, ukishapita Kisongo kuelekea Monduli, si mchanga. Ni unga. Ni majivu ya volkano yaliyosagwa na kwato za ng'ombe na matairi ya malori mpaka yakawa laini kama sembe, na magazini ya bastola ikidondoka humo mwezi wa tisa, inayameza. Mpiga shabaha wa mashindano huangusha magazini chini kila anapobadilisha, ndivyo mchezo ulivyo. Akimaliza steji, yaani hatua moja ya mashindano, anaziokota, anazikung'uta, na kabla ya zamu yake nyingine ana dakika chache za kufungua kitako, yaani kifuniko cha chini cha magazini, kutoa springi na kisukumio cha risasi, kupitisha brashi ndani na kufunga tena. Dakika hizo ndizo zilizonifundisha ninayoyaandika hapa.

Kiangazi kilichopita kitako cha magazini yangu moja kiligoma katikati ya mashindano. Nikakilazimisha kwa bisibisi. Bisibisi ikateleza ikanichana kiganja, kitako kikachomoka ghafla, springi ikarukia kwenye nyasi, na kile kibao kidogo cha ndani hatukukiona tena. Jioni ile ile, mkono ukiwa na bandeji, nikachukua tupa nikavikwangua vitako vya magazini zangu zote mpaka vikawa vinateleza kwa kidole kimoja. Wiki tatu baadaye magazini yenye risasi sita ikadondoka kwenye kokoto, kitako kikatoka, springi ikaenda huku na risasi kule, mbele ya msimamizi wa uwanja. Nilikosea mara mbili kwa sababu moja: sikujua kitako kilikuwa kimeshikwa na nini.

Kabla hujagusa chochote, hakikisha bastola imekaguliwa chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, na ni tupu, na risasi halisi zimewekwa chumba kingine kabisa, si kwenye droo ya meza hiyo hiyo. Vaa miwani. Springi ya magazini inakuwa imebanwa hata kama hakuna risasi ndani, na kitako kikitoka inaruka kuelekea usoni kwako, maana hapo ndipo uso unapokuwa mtu anapoinama kuangalia.

Kilivyofungwa

Magazini nyingi za bastola za kisasa zimefungwa kwa njia moja. Chini ya mwili wa magazini kuna mikunjo miwili, kushoto na kulia, iliyotokeza nje kama ukingo wa sufuria. Kitako kina mifereji miwili inayokumbatia mikunjo hiyo. Ndani, juu ya kitako, kuna kibao chembamba kinachosukumwa chini na springi, na kibao hicho kina kinundu kinachochungulia kwenye tundu la kitako. Kinundu ndicho komeo. Ukikizamisha, kitako kinatakiwa kuteleza kwenda mbele, upande ule ule ambao ncha za risasi zinaelekea. Bastola za Beretta 92 na CZ 75 ziko hivyo, na miili ya magazini zake ni ya chuma.

Magazini ya bastola ya Glock ina jambo la ziada. Mwili wake ni plastiki iliyofunika chuma, na pembeni chini pana vimeno viwili ambavyo navyo vinashika kitako, kwa hiyo kuzamisha kinundu peke yake hakutoshi, ni lazima ubane mbavu za magazini kwa wakati huo huo. Zile za miaka ya mwanzo hazikuwa na kibao cha ndani kabisa, zilitegemea vimeno tu. Na magazini za bastola ya 1911 za mtindo wa zamani wa kijeshi, kitako chake ni cha kudumu, hakitoki. Hizo zinafunguliwa na kusafishwa kutoka juu. Kama ndizo ulizonazo, usitafute chini pa kuingiza bisibisi.

Kinundu kimezama, kitako hakisogei

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia mara nyingi zaidi, na mara nyingi hayahitaji tupa.

Angalia kwanza kama kinundu kimezama kweli. Watu hutumia msumari au ncha ya kalamu, wanasukuma mpaka kinundu kifike usawa wa uso wa nje wa kitako, wanadhani kimefunguka. Hakijafunguka. Kitako kina unene, na kinundu lazima kipite unene wote mpaka kiwe juu ya kitako upande wa ndani. Kwenye kitako kinene cha aluminiamu, kile cha mashindano, safari hiyo ni ndefu kuliko kwenye kile cha kiwandani. Ukisukuma hadi ukahisi springi inakataa zaidi, hapo ndipo pake.

Kifaa changu nimekitengeneza mwenyewe, kwa spoki ya baiskeli. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, inaingia vizuri kwenye tundu la Glock, ambalo panchi yake rasmi, ile pini ya kusukumia, ni kama milimita 2.4. Nilikata kipande cha sentimita nane, nikaiviringa ncha kwa msasa isikwaruze, nikakipigilia kwenye kipande cha mpingo nilichopewa na mchonga vinyago. Mpingo ni mzito, hautelezi mkononi hata ukiwa na jasho, na ukidondoka kwenye nyasi unauona. Kwa CZ na Beretta, ambazo kinundu chake ni kipana, ncha ya mpingo wenyewe inatosha, na ina faida kwamba haitafuni aluminiamu.

Kama kinundu kimezama na ni Glock, sababu ya pili ni vimeno. Bana mbavu za magazini juu kidogo ya kitako, kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili, kwa nguvu ya kweli, huku mkono mwingine ukisukuma kitako mbele. Magazini mpya ni ngumu sana. Vidole vikishindwa, tumia plaizi iliyofungwa kipande cha tyubu kwenye meno yake. Ukiifungua na kuifunga mara kadhaa jioni moja, italegea yenyewe kiasi. Nakuomba usivikate vimeno hivyo. Najua inavutia, maana ni vidogo na wembe uko karibu, lakini ukiviondoa kitako kinabaki kimeshikwa na kinundu peke yake.

Sababu ya tatu ndiyo yetu ya huku: uji wa mafuta na vumbi. Mtu anaipenda magazini yake, anainyunyizia mafuta ndani na nje kama cherehani. Mafuta yanateremka kwenye mifereji ya kitako, vumbi la volkano linayakuta, na baada ya mashindano mawili pana kitu kama saruji. Dalili yake ni kwamba kitako hakisogei hata robo ya milimita, hakichezi, kimekuwa kitu kimoja na mwili. Loweka sehemu ya chini ya magazini kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa nusu saa, sugua maungio kwa mswaki wa zamani, kisha jaribu tena. Ukishafungua, osha kila kitu, kausha kabisa kwa kitambaa na jua, na ukirudishia usitie mafuta ndani. Magazini hufanya kazi ikiwa kavu. Mwili wa chuma ukiogopa kutu msimu wa masika, pangusa kwa kitambaa kilichogusa mafuta, halafu pangusa tena kwa kitambaa kikavu.

Ile siku ya bisibisi, ugonjwa wangu ulikuwa huu. Nililigundua hilo nimeshavikwangua vitako vyote.

Kinasogea nusu, kisha kinauma

Hapa ndipo tupa huanza kuhalalika, na hapa ndipo watu wengi huharibu.

Baada ya kuharibu vyangu, nilinunua vitako vipya vya aluminiamu, na kimoja kikawa kinaingia nusu na kukataa. Safari hii sikukigusa. Nilikibeba pamoja na ganda tupu la magazini, bila springi, hadi mtaa wa Unga Limited kwa mzee mmoja fundi wa chuma ninayemfahamu tangu nikiwa mdogo. Bastola niliiacha nyumbani kwenye kasha lake, haina safari ya kwa fundi chuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo umeshakikwangua?"

"Bado, mzee."

"Vizuri. Kinagusa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akawasha koroboi, akapitisha mifereji ya kitako juu ya moshi mpaka ikawa nyeusi pande zote mbili, akakiacha kipoe. Kisha akakisukuma kwenye magazini mara moja tu, taratibu, mpaka pale kinapouma, akakivuta nyuma. Akanipa miwani yake ya kusomea niangalie. Masizi yote yalikuwa mahali pake, isipokuwa alama moja inayong'aa, ndefu kama punje ya mchele, mfereji wa kushoto, karibu katikati.

"Basi," akasema. "Kitako kina kosa gani?"

Hakikuwa na kosa. Aliupanga mwili wa magazini juu ya kioo, na tukaona mkunjo wa kushoto umepinda kwenda juu kama unene wa karatasi. Magazini hiyo iliwahi kuangukia jiwe kwa pembe. Akaushika mkunjo kwa plaizi bapa isiyo na meno, akabonyeza mara mbili, akapaka masizi tena. Kitako kikapita. Kama ningekwangua kitako, ningekuwa nimepunguza kitu kizima ili kilingane na kitu kilichopinda.

Tangu siku hiyo sifanyi kitu bila masizi. Kalamu ya kuandikia kwenye makasha, ile yenye wino mzito, inafanya kazi vilevile, na kwa kitako cha plastiki ni lazima iwe kalamu, kwa sababu moto wa koroboi utakikunja. Soma alama hivi. Ukiona doa moja upande mmoja, tatizo ni mkunjo uliopinda au kinyuzi cha chuma kilichobaki tangu kiwandani, na dawa iko kwenye mwili, si kwenye kitako. Ukiona pamekwaruzika sawasawa pande zote mbili kwa urefu wote, basi kitako kweli kimebana: rangi ni nene, au kilitengenezwa kwa ajili ya magazini ya toleo jingine. Ukiona alama zinaanza nyepesi na kuzidi kadiri kitako kinavyoendelea kuingia, mwili wa magazini umetanuka. Pima upana wake kwa venia, kile kipimio cha taya mbili, juu na chini, ulinganishe na magazini nyingine ya aina hiyo hiyo. Mwili wa chuma uliotanuka unaweza kurudishwa kwenye jiliwa kwa kuweka mbao mbili laini pembeni, robo zamu kwa robo zamu. Wa plastiki hauponi kwa njia hiyo. Uweke uwe wa mazoezi.

Na pale inapoonekana kitako ndicho kilichobana, punguza kwa namna hii. Tumia msasa namba 400 uliogundishwa kwenye kijiti bapa kinachoingia kwenye mfereji, au tupa ndogo yenye uso mmoja laini. Aluminiamu huziba meno ya tupa, kwa hiyo isugue tupa kwa chaki ya shuleni kwanza, chembe zitadondoka zenyewe badala ya kunasa na kuchora mistari. Pitisha mara kumi. Simama. Futa, paka masizi, jaribu. Watu wanakwangua mara mia kisha wanajaribu, ndipo wanakuta wamepita. Ukishaondoa rangi ya juu ya aluminiamu unabaki na metali laini ambayo huwa na tabia ya kunata, kwa hiyo malizia na msasa namba 1000 mpaka ukucha usikwame.

Mfereji wa kitako una sehemu tatu za kuangalia. Ukuta wa pembeni unaruhusiwa kupunguzwa kidogo. Mdomo wa kuingilia, pale kitako kinapoanza kupanda kwenye mkunjo, unaruhusiwa kulazwa pembe ili kisigonge wakati wa kufunga, na kwa kweli hilo peke yake huondoa nusu ya usumbufu wa kurudishia kitako kwa haraka. Lakini ule ulimi unaopita juu ya mkunjo usiuguse. Ndio unaobeba msukumo wote wa springi na kishindo chote magazini inapoanguka. Mimi niliukondesha ulimi huo kwenye vitako vyangu vyote, ndiyo maana risasi zilitawanyika kwenye kokoto.

Kinundu chenyewe hakizami

Mara nyingi ni kokoto iliyojibana kwenye tundu, au kinundu kimefura kichwa kwa sababu ya kusukumwa na bisibisi miezi mingi, mpaka kikawa kipana kuliko tundu lake. Kwa kokoto, igeuze magazini na uigonge kwenye kiganja, kisha chokoa kwa sindano. Kinundu kilichofura kinahitaji kuviringwa upya kwa msasa, na kama ni cha plastiki kilichoraruka, nunua kibao kingine.

Ikiwa umebadilisha kitako na hujabadilisha kibao cha ndani, angalia hapo. Vitako vya mashindano mara nyingi huja na kibao chake, na kibao cha kiwandani kinaweza kuingia lakini kinundu kisikae katikati ya tundu. Dalili ni kwamba kinazama upande mmoja tu. Wengine huamua kupanua tundu ili kidole kiingie. Sikushauri. Tundu pana ni mlango wa vumbi, na kinundu kinapata nafasi ya kucheza mpaka kinakula kingo zake. Laza tu kingo za nje za tundu kwa biti ya kutobolea ya milimita 6 iliyozungushwa kwa mkono, zamu mbili tatu, ili kifaa chako kipate njia hata ukiwa huangalii.

Kila kitu kiko sawa, ila vidole vinateleza

Hili ni tatizo la mikono yenye jasho na mafuta ya kujikinga na jua, na dawa yake iko nje ya kitako, ambako huwezi kudhoofisha chochote. Chora mistari mitano au sita pembeni mwa kitako, ikatishe mwelekeo wa kitako kutoka, kina cha nusu milimita, kwa tupa ya pembe tatu. Kwa nyuma, acha bega dogo ambalo kidole gumba kinaweza kulisukuma kwenda mbele. Kitako cha plastiki kisipigwe tupa kavu, maana kinatoa manyoya. Tumia wembe mkali, kisha upitishe msasa mlaini wenye maji.

Lakini jaribu hili kwanza, halina gharama. Kata kipande cha tyubu ya pikipiki, ukubwa wa kiganja, ukiweke kwenye mfuko wa magazini. Funika kitako kwa hicho, sukuma. Tyubu inashika kama gundi. Kijana wa bodaboda pale Sakina alinipa mita nzima bure. Nimewaona wenzangu wawili wakiacha mpango wa kuchora mistari baada ya kukijaribu kipande changu.

Kinatoka chenyewe

Hiki ni kinyume cha tatizo, na ni kibaya zaidi, kwa sababu magazini ngumu inakupotezea dakika lakini magazini iliyofunguka inakuondolea steji nzima. Weka risasi bandia kumi ndani, simama, iachie kutoka usawa wa mkanda iangukie udongo mgumu: mara tano kwa kitako, mara tano kwa pembe ya mbele, mara tano kwa pembe ya nyuma. Fanya hivyo kila baada ya kukwangua, si mara moja tu ukimaliza. Pembe ya nyuma ndiyo inayotoa siri, kwa sababu kishindo kinasukuma kitako upande ule ule wa kutokea.

Kikitoka, angalia kinundu: je, kimerudi mpaka kikachungulia tundu lote, au kimeishia njiani? Kama kimeishia njiani, kuna uchafu, au springi imechoka. Kama kimejaa tundu na bado kitako kinatoka, umepunguza pasipostahili, na hakuna gundi itakayokirudisha. Kitupe. Nimeona mtu akiweka gundi ya matone, kitako kikashika siku ile, na siku ya kukisafisha akavunja mwili wa magazini. Vile vitako vinavyofungwa kwa skrubu ndogo za pembeni, hukumu yake ni nyepesi: skrubu imelegea. Toa, futa mafuta, tia tone dogo la dawa ya kushika nyuzi za skrubu, ile ya nguvu ya kati, isiwe ile ya kudumu, na uiache usiku kucha. Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka skrubu hadi kwenye kitako. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka.

Baada ya kazi, magazini haikai vizuri kwenye bastola

Pita haraka kwenye mambo matatu. Kitako kirefu kwa nyuma kinaweza kugonga mpini au ule mdomo mpana uliofungwa chini ya mpini, kwa hiyo magazini haipandi mpaka ikabofya. Paka masizi tena, utaona kinapogonga. Springi iliyorudishwa kichwa chini inainamisha kisukumio, na risasi ya mwisho haipandi. Kabla ya kufungua, piga picha kwa simu. Na magazini isiyodondoka kwa uzito wake ukibonyeza kitufe mara nyingi ni mwili uliotanuka, wala kitako hakihusiki, ingawa kitako kizito cha shaba huificha hali hiyo kwa kuuvuta mwili chini.

Vipimo vya mashindano navyo viangalie kabla ya kununua kitako kinene, maana wengine hugundua mbele ya meza ya ukaguzi. Kwa kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, magazini ya daraja la Open haizidi milimita 170. Wamarekani wa USPSA, chama chao cha mchezo huu, wanaruhusu 171.25, na vitako vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa kipimo chao. Milimita moja na robo hiyo imeshamkera zaidi ya mtu mmoja. Kwenye daraja la Standard, bastola ikiwa na magazini tupu ndani lazima iingie kwenye sanduku la milimita 225 kwa 150 kwa 45. Kwenye daraja la Production unaanza na risasi 15 tu hata kama magazini inabeba zaidi, na marekebisho yanayoruhusiwa ni machache, kwa hiyo soma kanuni za daraja lako kabla ya kugusa kitako cha nje. Pamoja na hayo, Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakufuata hadi kwenye meza yako ya kazi: silaha na risasi zako ziko chini ya leseni yako wewe, na mafundi wa mtaani hawamo ndani yake. Nilichokieleza hapa nakifanya kwa magazini zangu mwenyewe.

Jambo la mwisho la mezani. Kitako kilichorekebishwa kwa masizi ya magazini moja si cha magazini nyingine. Zipe namba. Mimi natumia rangi nyeupe ya mafuta, namba kwenye mwili na namba ile ile kwenye kitako, na baada ya kusafisha sifungi kitu bila namba kulingana. Nina magazini sita. Ya nne haijawahi kuguswa na msasa wala tupa, ina kitako chake cha kiwandani na kibao chake cha kiwandani, na haitoki nyumbani siku ya mashindano. Kila ninapobishana na kitako kipya, naifungua na kuifunga hiyo kwanza mara tatu, nikumbuke ugumu wa kawaida unavyohisi mkononi, ndipo naamua kama kuna tatizo.